Ekseli iliyokatika usiku: uchambuzi wa kisa cha kifaru cha modeli kilichojengwa wakati wa masika, Unguja

Usuli

Kisa hiki kinahusu kifaru kimoja cha modeli cha kipimo 1/35, aina ya Type 59, kilichojengwa Mji Mkongwe kati ya Aprili na Mei. Mjenzi, ambaye hapa tutamwita fundi, alikuwa amekwishajenga modeli kadhaa za plastiki kabla ya hiyo, nyingi zikiwa za miezi ya kaskazi, hewa inapokuwa kavu kidogo. Safari hii hakuwa na hiari ya msimu. Walimu wa historia wa skuli moja walikitaka kifaru kwa maonesho ya wanafunzi kuhusu Vita vya Kagera, na siku ya maonesho ilikuwa katikati ya Mei.

Uchaguzi wa Type 59 ulikuwa sahihi. Ni kifaru kilichoundwa China kwa kufuata T-54A ya Kisovieti: tani 36, mzinga wa milimita 100, watu 4 ndani. Tanzania ilipewa vifaru hivi na China, na vilitumika katika vita vya 1978 na 1979. Kwa mjenzi wa modeli, jambo la kulijua mapema ni umbo la sehemu ya chini. Kuna magurudumu 5 makubwa kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni pana kuliko mengine. Gurudumu la meno, linalovuta mnyororo, liko nyuma. Gurudumu la kukazia mnyororo liko mbele. Juu hakuna vigurudumu vidogo vya kuubeba mnyororo, kwa hiyo unalala wenyewe juu ya magurudumu makubwa, umelegea. Ulegevu huo ndio kiini cha kisa chote.

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dirisha moja linalotazama kichochoro. Kuta za namna hiyo hunywa maji ya masika na kuyatoa polepole, hata siku isiyo na mvua. Kipima unyevu cha mezani kilikuwa kikisoma asilimia 80 hadi 88 muda mwingi. Vifaa vilikuwa brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3, kompresa ndogo isiyo na tangi, rangi za akriliki zinazoyeyushwa kwa spiriti, vanishi ya kung'aa ya aina ya laka, tina ya rangi za magari kutoka duka la vifaa vya ujenzi, waiti spiriti (kiyeyusho cha aina ya mafuta), na rangi mbili za mafuta za wasanii, kahawia iliyokolea na nyeusi.

Mfululizo wa matukio

Siku ya 1 hadi ya 6 zilikuwa za kuunga. Kazi ilikwenda vizuri na haina haja ya maelezo marefu. Mtutu wa vipande viwili uliunganishwa, ukaachwa usiku kucha, kisha ukapigwa msasa namba 400 na 800 kwa kuuzungusha vidoleni ili usigeuke bapa. Mnara ulipakwa gundi ya plastiki na kudonolewa kwa brashi ngumu gundi ikiwa bado mbichi, ukapata ule ukwaruzo wa chuma cha kumiminwa kwenye kalibu.

Siku ya 6 fundi aliamua kuvisha minyororo kabla ya kupaka rangi. Minyororo ya seti hiyo ilikuwa mikanda ya vinili laini, na aliogopa kwamba akiivisha baadaye rangi ya magurudumu ingekwaruzika. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa katika kuunga ncha. Alizipandisha moja juu ya nyingine kupita alama ya kiungio kwa kiungo kimoja zaidi, akazichoma kwa bisibisi iliyopashwa moto. Mkanda ukatoka mfupi kwa karibu milimita 4. Ni kidogo kwa macho, lakini kiungo kimoja cha mnyororo halisi wa jamii hii ya vifaru kina urefu wa milimita 137, na ukigawanya kwa 35 unapata 3.9. Mnyororo mzima wa viungo 90 ni kama milimita 352 katika modeli. Kwa hiyo kilipungua kiungo kizima, na mkanda ulipovishwa ukakaza kama uzi wa gitaa. Gurudumu la mbele likainama kidogo kuelekea nyuma. Alilishikilia kwa tone la gundi ya papo hapo kwenye ekseli, akaendelea.

Siku ya 7 ilikuwa praima, yaani tabaka la kwanza la kushikia rangi, siku ya 8 rangi. Kijani kilipuliziwa kwa mapito 3 mepesi, mgandamizo wa bari 1.2, umbali wa sentimita 8 hadi 10, na pito la mwisho likiwa limechanganywa na njano, sehemu 1 kwa 5, kwenye nyuso zinazotazama jua. Baada ya dakika 20 hivi kompresa ilianza kutema matone ya maji, yakaacha madoa mawili ya mviringo kwenye kilinda-tope cha kulia. Fundi alisimama pale pale, akamwaga maji ya kichungi, akasubiri madoa yakauke, akayasawazisha kwa msasa namba 2000. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Anayeendelea kupuliza juu ya tone la maji hulifungia ndani ya rangi.

Siku ya 9, baada ya magharibi, mvua ikinyesha na dirisha likiwa limefungwa, alipuliza vanishi ya kung'aa. Alikuwa ameizimua kwa tina ya magari kwa sababu hukauka upesi. Joto la chumba lilikuwa nyuzi 28, unyevu asilimia 85. Ndani ya dakika moja sehemu ya injini ikageuka nyeupe mithili ya glasi iliyopumuliwa. Alidhani ni wembamba wa tabaka, akaongeza la pili, zito zaidi. Weupe ukazidi, ukaenea hadi nyuma ya mnara.

Siku ya 10 alitengeneza kasha la kukaushia: boksi la katoni lenye balbu ya uzi ya wati 40 juu na matundu ya hewa chini. Ndani joto lilipanda hadi nyuzi 36. Modeli ilikaa humo saa 3, kisha ikapuliziwa ukungu mwembamba wa tina inayokauka polepole, bila vanishi, na kurudishwa ndani ya kasha. Weupe uliondoka karibu wote. Ulibaki kama utando hafifu kwenye injini, pale tabaka la pili lilipokuwa zito.

Siku ya 11 jioni ilikuwa zamu ya kupenyeza rangi kwenye nyufa na maungio: rangi ya mafuta sehemu 1 kwa waiti spiriti sehemu 10. Juu ya mwili alifanya kazi safi, brashi namba 0, tone moja kando ya kila kichwa cha ribiti, ziada ikafutwa kwa kijiti cha pamba. Chini hakujali. Kwa kuwa tope lingefunika kila kitu, alichukua brashi pana akaosha magurudumu ya kifaru na mikono inayoyashikilia kwa mchanganyiko uleule hadi ukachuruzika, akakiacha kifaru kikiwa kimelala ubavu wa kushoto juu ya kitambaa ili kikauke.

Asubuhi kijana wa dada yake, ambaye humsaidia kazi, ndiye aliyekiona.

"Mjomba, gurudumu la mbele linaning'inia."

"Usiliguse. Lete tochi."

Ekseli ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imekatika kwenye shina, na gurudumu limeshikiliwa na mnyororo tu. Mkono wa gurudumu la kwanza la upande huohuo ulikuwa na ufa uliozunguka nusu ya shina lake. Chini ya kioo cha kukuzia, sura ya mkatiko ilikuwa laini na yenye kung'aa, bila ule weupe unaotokea plastiki inapokunjwa hadi ikavunjika. Zilikuwa zimebaki siku 8.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, fundi hakurudishia ekseli kwa gundi. Gundi ya plastiki huyeyusha na kuunganisha vizuri pale tu nyuso zinapokuwa safi, na hapa kulikuwa na mafuta ya rangi ndani ya ufa. Gundi ya papo hapo nayo haivumilii kuvutwa ubavuni. Alisafisha sehemu zote mbili kwa spiriti ya hospitali, akatoboa tundu la milimita 1 kwenye shina na kwenye kipande kilichokatika, milimita 6 kila upande, akapachika pini ya waya wa shaba na gundi ya epoksi ya mchanganyiko, akaacha saa 24. Mkono uliopasuka aliutoboa vilevile, kutoka ndani ya mwili, kabla haujaachia. Tundu lilitobolewa kwa mkono. Mashine ingeyeyusha plastiki na kupeleka kekee kando.

La pili lilihusu mnyororo wa kushoto. Ulikatwa pale ulipochomwa, ncha zikaachanishwa na kukutanishwa mwisho kwa mwisho, kisha zikashonwa kwa uzi mweusi kupitia matundu manne madogo. Ndani ukabandikwa ukanda wa kitambaa chembamba kwa gundi ya viatu. Gundi ya plastiki haishiki vinili, na kiungio kilichochomwa hakiaminiki. Kiungio kiliwekwa juu ya gurudumu la tatu, kwenye kivuli cha kilinda-tope. Mkanda ukiwa umelegea, ulikandamizwa juu ya magurudumu ya 2, 3 na 4 kwa tone la gundi nzito kila moja, ukapata ule mlalo wa chuma kizito.

La tatu, tope lilifanywa kwa maji tu. Hakuna waiti spiriti iliyogusa tena sehemu ya chini. Fundi alichukua udongo wa kinongo, ule mwekundu wa mashambani, akaukaanga kikaangoni nusu saa, akausaga na kuuchuja kwa soksi ya nailoni tabaka mbili. Kuchuja si pambo: punje ya milimita 0.1 kwenye kipimo hiki ni sawa na kokoto la milimita 3.5, na punje za mchanga zisizochujwa hulifanya tope lionekane kama zege. Mchanga wa pwani ulikataliwa kwa sababu ya chumvi yake, ambayo huvuta unyevu na kutoka nje baadaye kama unga mweupe. Kwa Kagera wekundu wa kinongo unafaa, maana huko nako udongo ni mwekundu.

Udongo ulichanganywa na gundi nyeupe ya mbao na maji, kiasi sawa kwa sawa, na tone moja la sabuni ya maji ili mchanganyiko usijikunje juu ya rangi. Kwanza ulijaribiwa kwenye kipande cha fremu, yaani mabaki ya plastiki yanayoshikilia vipande vya seti, kwa sababu udongo ukishikwa na gundi hukauka ukiwa na rangi nzito kuliko ulivyokuwa mkavu. Ilibidi kuongezwa unga wa chaki, robo ya ujazo wa udongo, kuurudisha kwenye wekundu wa vumbi. Ulipakwa kwa awamu 3. Ya kwanza ilikuwa nyembamba na nyeusi-nyeusi ndani ya pembe, ya pili nzito kwenye mikono na ndani ya magurudumu, ya tatu kavu, vumbi tupu lililopigwa kwa brashi laini kwenye sehemu za juu. Nyuso za nje za viungo vya mnyororo zilifutwa kabla hazijakauka, maana ndizo zinazosuguliwa na ardhi, kisha zikapitishwa penseli laini ya risasi kwenye kingo. Kazi hii ya tope ndiyo bora kuliko zote kwenye modeli hiyo.

Matokeo

Kifaru kilifika skuli kwa wakati. Utando mweupe wa injini ulifunikwa kwa vumbi, na asiyeambiwa hauoni. Upande wa kushoto umekaa imara tangu hapo.

Upande wa kulia haukuguswa, kwa kuwa siku ile ulionekana mzima.

Uchambuzi

Mwanzoni palikuwa na maelezo mawili yanayoshindana. Fundi aliamini waiti spiriti "imekula" plastiki. Kijana alishika kwamba mnyororo ulikuwa umekaza mno. Jaribio walilolifanya ni rahisi, na kila mjenzi anaweza kulirudia kwa mabaki yake. Walichukua vipande 3 vya fremu ya seti ileile, vyenye unene sawa. Cha kwanza kilinyooshwa na kupakwa mchanganyiko wa waiti spiriti. Cha pili kilikunjwa kama upinde, kikafungwa kwa uzi, na kuachwa kikavu. Cha tatu kilikunjwa vilevile na kupakwa. Asubuhi cha kwanza na cha pili vilikuwa vizima. Cha tatu kilikuwa kimekatika kwenye mgongo wa upinde, na sura ya mkatiko ilikuwa laini kama ya ekseli.

Wote wawili walikuwa wameshika nusu. Polistireni, yaani plastiki ya modeli hizi, ikivutwa huwa na vijinyufa visivyoonekana kwenye uso wake. Kimiminika cha aina ya mafuta kikiingia humo hupunguza mshikamano wa plastiki pale inapovutwa, na ufa hutembea polepole, saa baada ya saa, bila kishindo. Plastiki isiyovutwa huvumilia waiti spiriti bila tabu, ndiyo maana wajenzi wengi huitumia miaka mingi wakaona haina neno. Wala dawa si kubadili waiti spiriti kwa mafuta ya taa au tapentaini, kwani mchezo ni uleule.

Mambo matatu yalikutana kwenye shina la ekseli: mvuto wa mnyororo mfupi, plastiki tupu, na dimbwi la waiti spiriti. Plastiki ilikuwa tupu kwa sababu magurudumu na minyororo vilikuwa vimevishwa tayari, na praima wala vanishi havikufika nyuma yake. Kwa hiyo uamuzi wa siku ya 6 ulifanya madhara mara mbili, kwa kuvuta na kwa kuziba njia ya kinga. Dimbwi lilitokana na kukilaza kifaru ubavu. Kingekaa wima, ziada ingechuruzika hadi chini ya magurudumu na kukauka kwa dakika chache. Kikiwa ubavuni, ilikusanyika kwenye mashina ya upande wa chini, yaani kushoto, na hiyo inaeleza kwa nini kushoto kulitangulia.

Kwa maoni yetu kuvisha mnyororo wa vinili kabla ya rangi ni kosa hata ukiwa na urefu sahihi. Magurudumu yanaweza kubandikwa kwa muda kwenye vijiti vya meno, yakapakwa pembeni, na mnyororo ukavishwa mwisho. Mkwaruzo wa rangi hurekebishwa kwa brashi. Ekseli iliyokatika inataka kutobolewa. Na kama mkanda unakaza, ongeza urefu. Usiulazimishe, kwa sababu vinili haichoki kuvuta.

Kuhusu weupe wa vanishi, sababu ni umande. Kimumunyo kinapovukiza hupoza uso, na uso ukishuka chini ya joto la umande, mvuke wa hewani hugeuka maji ndani ya vanishi mbichi. Kwa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, joto la umande ni kama nyuzi 25.2. Uso ulihitaji kupoa chini ya nyuzi 3 tu, na tina ya magari, kwa haraka yake ya kuvukiza, hupoza zaidi ya hapo. Linganisha na mchana mkavu wa nyuzi 30 na asilimia 60: umande uko nyuzi 21.4, pengo ni zaidi ya 8. Ndani ya kasha la balbu, hewa ileile ya asilimia 85 ikipashwa hadi nyuzi 36 hushuka hadi karibu asilimia 54, na pengo linakuwa karibu 11. Kasha lilipaswa kutumika kabla: modeli ipashwe, ipuliziwe haraka, irudi ndani. Pia saa ya kazi ilikuwa mbaya. Hata katika masika, unyevu hushuka kati ya saa 7 na saa 10 mchana, kama hakuna mvua.

Tabaka la pili ndilo kosa tusiloweza kulitetea. Weupe ukitokea, mkono unatakiwa usimame. Tabaka jembamba lililoparara hufunguka kwa ukungu wa tina ya polepole, lakini zito hufungia maji chini.

Jambo jingine halikuleta hasara lakini lingeweza. Kupuliza laka na tina ya magari katika chumba kilichofungwa ni hatari kwa mapafu na kwa moto, na balbu inayowaka iwe mbali na mvuke huo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inatakiwa ya chujio la kaboni. Kama dirisha haliwezi kufunguliwa kwa sababu ya mvua, kazi ya laka isubiri.

Kompresa iliongezewa mita 3 za mpira uliozungushwa kama koili kabla ya kichungi, ili hewa ipoe na kuacha maji yake njiani. Tangu hapo haijatema tena.

Upande wa kulia

Mwezi wa Novemba, vuli ikiwa imeanza, ekseli ya mbele ya kulia ilikaguliwa kwa kioo cha kukuzia na kukutwa na ufa mwembamba kama unywele, robo ya mzunguko. Mnyororo wake ulikuwa bado ule wa siku ya 6, mfupi kwa kiungo kimoja, ukivuta miezi yote hiyo. Ulikatwa na kushonwa kama mwenzake, na ekseli ikapigwa pini. Tope lililomeguka lilijazwa kwa mabaki ya kinongo kilekile, kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya chupa yenye kifuniko.